Karani Aliyemsimulia Baba Filamu

Karani alivaa koti kabla ya kuwasha televisheni. Lilikuwa koti la kijivu, lile lile alilovaa mahakamani kabla hajastaafu, na alifunga vifungo vyote hata mwezi wa Oktoba, joto la kabla ya mvua linapotuama mtaani kwetu Mazwi na sisi wengine tunahangaika kutafuta kivuli. Mkewe, enzi za uhai wake, alimuuliza anamvalia nani. Akajibu kwamba watu wanakuja kueleza mambo yao mazito, wengine wanafia humo humo ndani, na si heshima kuwapokea na fulana.

Simsifu. Naeleza tu alivyokuwa, na nitajitahidi kumtendea haki, ingawa mzee huyu nilimwonea wivu miaka minne mfululizo, wivu wa kunikosesha hamu ya chakula. Kuna watu huwaonea wenzao wivu kwa sababu ya nyumba, au ng'ombe, au watoto waliofaulu. Mimi nilimwonea wivu mstaafu wa watu, jirani wa nyumba ya pili, kwa sababu baba yangu mzazi alikuwa anacheka kwake, na kwangu hakuwa anacheka.

Baba alikuwa fundi mwashi. Nusu ya kuta za mtaa wetu zilipita mikononi mwake. Mama alipofariki, macho yake yalikuwa yameshaanza kwenda, presha ya macho, na daktari alipomwona kwa mara ya mwisho alisema tu tumshukuru Mungu kwa miaka aliyoona. Mimi ndiye kitinda mimba, na ndiye niliyekuwa na kazi ya kuhamishika, basi nikarudi nyumbani. Nikafungua duka la stationery jirani na soko: fotokopi, picha za pasipoti, kuhariri video za harusi na kipaimara, na kuwawekea watu filamu kwenye flashi. Baba nilimpikia, nilimfulia, nilimkata kucha, nilimsomea masomo ya Jumapili. Alikuwa ananiambia, "Ahsante, mama," kwa adabu ile ile ambayo angempa muuguzi wa zamu.

Na Karani? Karani alikuja tu, akamwekea bega, akamwongoza hatua arobaini hadi kwake.

Mwezi wa Karani ulikuwa na ratiba kama ya parokia. Siku za kwanza za mwezi alikuja dukani na flashi mbili, nyekundu na nyeusi, amezifunga kwa uzi mmoja zisiachane. Aliziweka juu ya kaunta, akatoa miwani, akauliza, "Kuna mashauri gani mwezi huu?" Filamu kwake zilikuwa mashauri. Alichukua nane, hazikuzidi wala kupungua. Hakuchagua kwa picha ya jaladani wala kwa jina la mchezaji. Aliniuliza maswali matatu: nani anamlalamikia nani, kuna shahidi, na je, inazidi saa moja na nusu. Iliyokuwa fupi kuliko hapo aliirudisha. "Shauri linalokwisha haraka, mama, lina rushwa ndani yake," alisema.

Zile zilizotafsiriwa, ambazo jamaa anaongea Kiswahili juu ya sauti za wenyewe na kutania na kupiga kelele, hakuzitaka hata kuzisikia. Zinapendwa sana, ndizo zilizonilipia pango la duka, lakini yeye alisema mkalimani anayesema kuliko shahidi afukuzwe barazani. Kwa hiyo alitazama za Kiingereza, za Kihindi, za Kichina, za Kikorea, na katika lugha hizo zote alijua Kiingereza kidogo cha mahakamani. Alimwelewa mtu akisema "sina hatia". Mengine aliyasoma usoni.

Jumatano alitazama peke yake. Jumamosi baada ya chakula cha mchana alitazama na baba. Jumapili ya kwanza ya mwezi alikwenda Milanzi, kwenye banda la video, kwa sababu alisema filamu nyingine lazima isikilizwe mbele ya watu. Na Jumapili ya mwisho ya mwezi ilikuwa siku ya hukumu. Alifungua daftari lake, akasoma kila filamu ya mwezi ule, na kando yake akaandika: Imekubaliwa, au Imetupwa, au Irudiwe. Baba alikaa pembeni kama mzee wa baraza. Kwa wasiozijua mahakama za mwanzo, mzee wa baraza ni yule mshauri anayekaa na hakimu na kutoa maoni yake kabla ya uamuzi. Baba yangu, ambaye nyumbani nikimuuliza ale ugali wa mahindi au wa ulezi alinijibu "wowote", huko alikuwa na maoni.

Niliwahi kumfuata Karani Milanzi, nione kuna nini. Banda lenyewe ni mabati, viti vya mabenchi, pazia zito mlangoni, televisheni mbili. Vijana wamejaa. Yeye alikuwa na nafasi yake, benchi la tatu, karibu na ukuta, na hakuna aliyeikalia. Akavua kofia.

"Oya, mzee wa koti!" kijana mmoja akamwita. "Leo steringi anakufa?"

"Shikamoo huanza," alisema Karani bila kugeuka.

"Shikamoo, mzee. Leo steringi anakufa?"

"Marahaba. Tusubiri ushahidi."

"Steringi hafi, mzee! Tangu lini steringi akafa?"

Karani akageuka sasa. "Mimi nimeona masteringi wengi, kijana wangu. Wameingia mahakamani wanatembea hivi," akatikisa mabega, na banda zima likacheka, "na wametoka nyuma wamefungwa pingu. Wewe tazama tu."

Filamu ilipokwisha vijana wote walisimama kwenda zao. Yeye alibaki ameketi, akitazama majina yanayopanda, yale majina ya mamia ya watu yasiyosomeka, hadi kioo kikawa cheusi. Nilimuuliza anasoma nini pale. Akasema wale nao walifanya kazi, si vizuri kuondoka wanapotajwa.

Hayo yangekuwa maneno ya mtakatifu kama nisingemjua kanisani. Kanisani Karani alikuwa mtu wa kwanza kutoka. Padri alikuwa hajainua mkono kubariki, yeye ameshafika kwenye baiskeli. Siku moja Padri alimtania mbele ya watu, kwamba itabidi misa nayo iwekewe majina mwishoni ili mzee akae. Watu walicheka wiki nzima. Karani alicheka pia, na Jumapili iliyofuata akatoka mapema kama kawaida.

Alikuwa na mambo kama hayo mengi. Mkewe alipozikwa hatukumwona hata akipangusa jicho. Alisimama na koti lake, akapokea mikono ya watu. Mwezi huo huo alikuja dukani macho yamevimba kwa sababu ya mbwa aliyeachwa stesheni katika filamu ya Kikorea. Aliwachukia wezi mtaani, aliwahi kumshika mtu aliyeiba beseni na kumpeleka kwa mwenyekiti kwa miguu, lakini wezi wa benki wa kwenye filamu aliwaombea wafanikiwe. Na hili ndilo lililonishinda kabisa: mtu aliyeishi kwa kuandika neno kwa neno kile shahidi alichosema, asiongeze nukta, alikuwa mwongo mkubwa kuliko wote niliowajua. Nitafika hapo.

Lakini kwanza habari ya Jumamosi.

Walikaa viti viwili vya mbao vyenye mito, televisheni mbele, mlango wazi. Filamu ikaanza, na Karani akaanza kusimulia. Alisimulia kwa Kifipa. Mimi nimekulia mjini na shule za bweni. Kifipa changu ni cha kusalimia na kuomba maji, na mtu akiongea kwa haraka nabaki naokota neno hapa na neno pale kama kuku. Baba alikuwa anajua kwamba sikijui vizuri, na Karani alijua. Sisemi kwamba walifanya makusudi. Nasema tu kwamba nikipita na beseni la nguo na kusikia wazee wawili wakicheka kwa lugha ya mama yangu, roho iliniuma.

Baba alikuwa na swali moja kila filamu. Kabla ya kujua nani ameua nani, aliuliza nyumba zimejengwa kwa nini. Matofali ya kuchoma? Mawe? Mbao? Karani alisimamisha filamu, akasogea hadi kwenye kioo, akachunguza. "Mawe," alisema, "lakini yamepangwa na mtu mvivu." Na baba akacheka mpaka akashika mbavu. Miaka minne sikuwahi kumchekesha baba hivyo. Nilijaribu, jamani. Nilileta hadithi za wateja, vituko vya soko, umbeya. Alisema "Ehee", na "Kumbe", na "Pole, mama".

Basi nikanunua televisheni. Kubwa, pana, mara mbili ya ile ya Karani. Nikaweka na spika mbili. Nikamwambia baba, Jumamosi hii hakuna kutoka, tutatazama hapa hapa. Hakubisha. Alikaa ametulia, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nilichagua filamu nzuri, naifahamu yote, naijua hata Kiingereza chake. Nikasimulia kwa Kiswahili safi. "Huyu aliyeingia ni mpelelezi. Ana mke lakini wametengana. Huyu mwenye kovu ndiye muuaji, usimjali, watamgundua baadaye. Sasa gari linakuja. Jeusi. Linasimama." Sikuruka kitu. Nusu saa baadaye kidevu cha baba kilikuwa kifuani. Nikamgusa. Akashtuka, akasema, "Ahsante, mama. Nimeshiba."

Nimeshiba! Kama vile nilimpakulia.

Mwaka huo huo Karani alikwenda Dar es Salaam kwa mwanawe, kama alivyofanya kila mwaka, na huko jambo lake kubwa lilikuwa jumba la sinema. Alikuwa ametunza tiketi zote za miaka yote ndani ya bahasha ya serikali. Mwaka ule alikuja kuniomba ruhusa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema anataka kwenda na baba.

"Karani," nikamwambia, "baba haoni."

"Najua, mama."

"Safari ya basi ya siku nzima na zaidi, umpeleke mtu asiyeona akatazame sinema?"

"Akasikilize," alisema. "Kule sauti ni nyingine."

Nilikataa. Nilitaja miguu kuvimba, nilitaja dawa, nilitaja vyoo vya njiani. Baba alikuwa ndani anasikia yote. Akatoka taratibu akishika ukuta, akasema neno moja tu, "Nakwenda." Siku walipoondoka nilifungasha nguo zake huku nalia kwa hasira, na nikamwekea sweta mbili ambazo Dar angezifanyia nini sijui.

Alirudi baada ya wiki mbili amependeza. Aliniambia ile sauti inakuja na kukaa hapa, akagusa kifua, na kwamba kiti kilikuwa kinatetemeka chini yake kama mashine ya kuchanganyia zege. Alikuwa na furaha kweli, akaniambia na mimi niende siku moja. Mpaka leo sijaingia jumba la sinema. Sitaki.

Sasa ule uongo. Jumamosi moja niliwapelekea uji wa ulezi, nikafika mlangoni na chupa ya uji mkononi, nao hawakunisikia. Kwenye kioo kulikuwa na magari mawili yanafukuzana mjini, vioo vinapasuka, mtu ananing'inia mlangoni na bunduki. Naijua filamu hiyo, mimi ndiye niliyeiweka. Na Karani, mikono magotini, anasimulia kwa sauti ya chini habari ya mtu anayerudi shambani kwake baada ya miaka mingi na kukuta nduguye amevuna ulezi wake wote. Kifipa changu kibovu, lakini ulezi naujua, kuvuna najua, ndugu najua. Magari yakalipuka. Karani akasema, sasa wanagombana kwenye mpaka wa shamba. Baba akatikisa kichwa kwa huzuni, "Watu wa bonde hao," akasema, kama wazee wetu wa huku juu wanavyowasema wa bondeni.

Niliona nimempata. Sikulala na neno hilo. Jioni ile ile, baba anakula, nikamwambia. "Baba, Karani anakudanganya. Kwenye filamu hakuna shamba. Hakuna ulezi. Ni majambazi na magari."

Baba akamaliza tonge lake.

"Mama," akasema, "hivi unafikiri sijui? Kuna Mzungu gani analima ulezi?"

"Sasa kwa nini unakubali?"

"Wewe uliponisimulia ulisema kweli tupu," akasema, bila ubaya wowote. "Nikalala."

Nilitoa vyombo. Jikoni nikaviosha vyote. Kuna watu wanasema wivu ni kidonda, ukiushika utakonda. Mimi sikukonda. Mimi nilikwenda dukani kesho yake, nikafungua kompyuta, nikachukua zile filamu nane za Karani, na kwa ile programu ninayokatia video za harusi, nikazikata mwisho.

Nilifanya kwa ufundi. Nilitafuta mahali pabaya kabisa: mlango unafunguka na hujaona aliye nyuma yake, mtu ananyoosha kidole aseme "ni yeye", na hapo hapo giza. Dakika kumi za mwisho nilizifuta, na za majina pia, anayoyapenda. Nikamkabidhi flashi zake kwenye uzi wake, nikamwambia karibu tena. Nilitaka arudi na uso umemshuka. Nilitaka Jumamosi baba arudi nyumbani mapema, akae na mimi, aseme filamu za Karani siku hizi hazina kitu.

Mwezi ukaisha. Karani akaja, akaweka flashi juu ya kaunta.

"Mashauri yalikuwaje?" nikamuuliza.

"Mazuri," alisema. "Mazuri sana. Kuna mapya?"

Nikakata tena. Nikakata dakika ishirini. Mwezi mwingine filamu moja niliiondolea nusu saa nzima, ilibaki kama suruali iliyokatwa magotini. Karani hakusema. Na baba, badala ya kurudi mapema, akawa anachelewa. Jumamosi alikuwa anarudi jua linaelekea kuzama, anaimba puani, ameshika bega la Karani, na akiketi mezani unamwona midomo inachezacheza, mtu ana jambo lake anatafuna. Nikimuuliza, anasema, "Ah, mambo ya wazee." Nilikata filamu zao karibu mwaka mzima. Nimeungama dhambi nyingi kwa Padri, hiyo sijaiungama, kwa sababu hakuna aliyeniambia imemuumiza nani.

Baba alianguka msimu wa mvua, kifua, na hakuinuka tena. Majuma yake ya mwisho Karani alikuja kwetu badala ya baba kwenda kwake. Alivaa koti. Nilimwelekeza kwenye ile televisheni yangu kubwa, akaitazama, akasema hapana, mama, ahsante, akaketi kando ya kitanda na kuzungumza. Hakukuwa na filamu yoyote. Sauti zao zilikuja jikoni, ya Karani kidogo, ya baba kidogo, na mara nyingine, katikati ya kukohoa, kale kacheko. Mimi nilikuwa nachemsha maji. Mtu anakufa ndani ya nyumba yangu, mimi ndiye namgeuza na kumbadilisha shuka, na kacheko kake ka mwisho anapewa jirani. Mungu anisamehe, siku ile nilitamani Karani ndiye angekuwa kitandani.

Tulimzika. Karani alipanga mstari kama watu wote, akanipa mkono, akaenda zake. Baada ya hapo hakuja dukani. Mwanzo wa mwezi ulifika, na mwingine, na mwingine. Nilisikia kwamba na Milanzi amekoma kwenda, na lile benchi la tatu sasa wanakaa vijana.

Alikuja mwezi wa sita, nusu mwaka karibu imetimia, siku ya upepo ule wetu mkali ambao watu wanatembea wamejifunika mablanketi. Koti lilikuwa limemzidi. Nadhani yeye ndiye aliyepungua. Alikuwa na flashi moja, nyeusi.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, mama. Biashara inakwenda?"

"Inakwenda. Baridi tu."

"Baridi," akakubali. Akaiweka flashi juu ya kaunta na kuisogeza kwa kidole. "Niwekee moja."

"Moja tu?"

"Moja inatosha. Lakini iwe imekatwa."

Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza. Yeye akasubiri tu. Kusubiri alikuwa anakuweza.

"Ulijua," nikasema mwishowe.

"Mama, faili likipotea kurasa za mwisho mara moja, utasema panya. Likipotea kila mwezi, ni mtu."

"Na hukuniambia kitu?"

"Nilitaka kuja. Mwezi ule wa kwanza, filamu ya pili ilipokatika, nilivaa kofia. Marehemu akanishika mkono. Akaniambia, 'Huyo ni binti yangu. Usimseme. Mwache akate.'"

Nilikaa kwenye stuli. Nje bodaboda ilipita ikipiga honi. Nikamuuliza kwa nini baba alisema hivyo, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtoto.

"Kwa sababu ikikatika mimi nakwama," alisema Karani. "Mimi bila picha mbele yangu sijui kutunga. Naweza kugeuza magari yakawa ulezi, basi. Yeye ndiye aliyekuwa anamalizia. Alikuwa anaanza pale pale ulipokatia, anakwenda, anakwenda, saa nzima wakati mwingine. Anaweka watu, anawatoa, anawaozesha. Mimi naandika. Mwishoni huku hata filamu alikuwa haisikilizi, anauliza tu, 'Imefika? Bado haijafika?'" Akatabasamu. "Alikusifu. Alisema, fundi ni yule anayejua pa kukata tofali."

Baba alisimulia. Baba yangu, mtu wa "wowote" na "ahsante, mama", alizungumza saa nzima akiozesha watu, hatua arobaini kutoka jikoni kwangu. Nilimpa mimi nafasi hiyo kwa mkono wangu, na sikuwepo. Hata kosa langu walikuwa nalo wao wawili, wamelificha, wamelifurahia, na mimi sikupewa hata kugombezwa.

"Niambie mmoja," nikasema. "Mwisho mmoja tu, Karani. Wowote. Si uliandika?"

Alifungua mdomo. Nadhani alikuwa anakwenda kusema, kwa sababu aliangalia juu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Kisha akaufunga. Akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya koti.

"Hapana, mama. Mzee wa baraza akitoa maoni yake chumbani, hayatoki nje."

"Ni baba yangu!"

"Najua. Nisamehe."

Niligeukia kompyuta. Nilichagua filamu ya saa mbili, ndugu wawili na nyumba ya urithi, shauri kamili kama anavyopenda. Nilifungua ile programu ya kukatia. Kulikuwa na mahali, karibu na mwisho, ambapo ndugu mkubwa anashika funguo na bado hajaamua. Pale pale pangekatika vizuri. Nilijua angekwenda kwake, angekaa mbele ya kioo cheusi, na angejaribu kumsikia. Nikaifunga ile programu. Nikaiweka filamu kama ilivyo, nikamrudishia flashi.

"Umekata?" akauliza.

"Sijakata."

"Hata kidogo?"

"Nzima, Karani. Mpaka mwisho wake."

Akaishika flashi muda, akiipimapima kwenye kiganja. Akafunga kifungo cha juu cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa. "Basi nitaiona inavyoishia," alisema, akatoka. Nilimtazama akivuka barabara kwenye ule upepo, mzee mmoja na koti, akielekea kwenye nyumba ambayo hakuna wa kumwuliza kuta ni za nini. Nilimwonea wivu hata huo upweke wake, kwa sababu ulikuwa wa baba yangu.